Fomu ya Mtandaoni Inayoeleweka Humlinda Mwananchi na Taarifa Zake

Huduma nyingi za umma ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kusafiri hadi ofisini na kupanga foleni, leo huombwa kwa njia ya mtandao. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, mkopo wa elimu ya juu, nafasi ya ajira serikalini na namba ya mlipakodi ni miongoni mwa huduma ambazo hatua ya kwanza ya mwombaji ni kufungua tovuti na kujaza fomu. Mabadiliko hayo yamewapunguzia wananchi wengi safari na gharama. Hata hivyo, yameipa fomu uzito mpya: ikieleweka, mwananchi huhudumiwa akiwa nyumbani kwake, isipoeleweka, hulazimika kumtafuta mtu wa kumjazia.

Hapo ndipo hatari huanzia. Mwombaji aliyeshindwa kujaza fomu huenda kwenye duka la steshenari au kwa jirani mwenye kompyuta, akamkabidhi vyeti vyake, namba ya kitambulisho na wakati mwingine nywila yake. Anayemsaidia, hata akiwa na nia njema, huweza kuandika namba yake mwenyewe ya simu au barua pepe yake ili ujumbe wa uthibitisho umfikie haraka. Fomu hukubaliwa, mwombaji hulipa ujira na kuondoka akiwa ameridhika. Baada ya wiki kadhaa, wito wa usaili au taarifa ya kiambatisho kilichokosekana hutumwa kwenye simu ya mtu mwingine, na muda wa kurekebisha hupita mwombaji akiwa hana habari.

Kwa sababu hiyo, uwazi wa fomu ni sehemu ya huduma yenyewe na ni kinga ya taarifa binafsi. Makala haya yanaeleza mambo yanayoifanya fomu ya mtandaoni ieleweke na kutumiwa na watu wote, na yale ambayo mwananchi ana haki ya kuyatarajia anapoijaza.

Sheria zinaelekeza nini

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa jukumu la kuratibu na kusimamia shughuli za serikali mtandao katika taasisi za umma, pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kufanya hivyo kwa lengo mahsusi na halali, na kukusanya zile tu zinazohitajika kwa lengo hilo.

Kwa upande wa watu wenye ulemavu, ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inazitaka nchi wanachama kuchukua hatua ili watu wenye ulemavu waweze, sawa na watu wengine, kuzifikia taarifa na mawasiliano, ikiwemo mifumo ya TEHAMA.

Kimataifa, watengenezaji wa tovuti hufuata mwongozo wa ufikivu unaojulikana kwa kifupi kama WCAG, unaotolewa na W3C, taasisi inayosimamia viwango vya wavuti duniani. Toleo la kwanza la mwongozo huo lilitoka mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilichapishwa mwezi Oktoba, 2023. Vipimo kadhaa vinavyotajwa katika makala haya vimetokana na mwongozo huo.

Maelezo kabla ya swali la kwanza

Katika ofisi ya kawaida, afisa wa mapokezi humwuliza mwananchi shida yake na kumweleza nyaraka anazotakiwa kuwa nazo. Katika mtandao, kazi hiyo hufanywa na ukurasa unaotangulia fomu. Ukurasa huo hauna budi kujibu maswali manne: nani anastahili kuomba, nyaraka zipi zinahitajika, ada ni kiasi gani na inalipwaje, na muda gani utatumika kujaza.

Maelezo hayo yakikosekana, mwombaji hugundua katikati ya kazi kwamba anahitaji cheti kilichobaki kijijini, au kwamba hana sifa ya kuomba kabisa. Muda wake na bando lake vimekwishapotea. Orodha fupi ya mahitaji mwanzoni mwa fomu ingemwokoa kwa dakika moja.

Kuuliza kile tu kinachohitajika

Fomu nyingi za mtandaoni zilizaliwa kutokana na fomu za karatasi, na zikarithi maswali yote yaliyokuwamo. Kila swali linalobaki bila sababu humchosha mwombaji, huongeza uwezekano wa makosa na huifanya taasisi itunze taarifa isizozihitaji, kinyume cha misingi ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Kipimo chepesi ni kumtaka anayeandaa fomu aeleze, kwa kila swali, jibu litatumiwa na nani na kwa uamuzi gani. Swali lisilo na maelezo hayo liondolewe. Dini, hali ya ndoa au jina la mwenza lisiulizwe kwa mtu anayeomba huduma isiyohusiana na mambo hayo. Maswali ya hiari yaandikwe wazi kwamba ni ya hiari. Alama ya nyota pekee haitoshi iwapo maana yake haijaelezwa mahali popote.

Vilevile, taarifa ambayo mwombaji ameshaitoa isiombwe tena katika ukurasa unaofuata. WCAG 2.2 inaelekeza kuwa taarifa iliyokwishaandikwa katika mchakato uleule ijazwe na mfumo wenyewe au iwekwe mahali ambapo mtumiaji anaweza kuichagua, isipokuwa pale ambapo kuirudia ni lazima, kwa mfano kwa ajili ya usalama.

Maswali katika lugha na mazingira ya mwananchi

Swali zuri hueleweka mara ya kwanza linaposomwa. “Ainisha hadhi ya mwombaji kwa mujibu wa kifungu husika” ni swali ambalo mwanasheria atalielewa, lakini mkulima atasita. “Je, unaomba kwa ajili yako au kwa niaba ya mtu mwingine?” linauliza jambo lilelile kwa maneno ambayo kila mtu huyatumia. Vifupisho vya ndani ya ofisi navyo viandikwe kwa kirefu mara ya kwanza vinapotajwa.

Majina ni eneo la kwanza linaloleta matatizo. Fomu nyingi hutaka majina matatu, ilhali wapo watu ambao vyeti vyao vina majina mawili. Kisanduku cha jina la kati kinapokuwa cha lazima, mwombaji huweka nukta au hurudia jina moja ili mfumo umruhusu kuendelea. Kosa hilo dogo huja kuonekana pale majina yanapolinganishwa na yale ya Kitambulisho cha Taifa na kukutwa hayafanani. Suluhisho ni kukifanya kisanduku hicho kuwa cha hiari na kuandika maelekezo haya: “Andika majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho chako.”

Tarehe nayo huhitaji uangalifu. Maandishi 04/05/1998 husomwa na Mtanzania kuwa tarehe 4 Mei, lakini kifaa kilichopangwa kwa utaratibu wa Marekani huyasoma kuwa tarehe 5 Aprili. Visanduku vitatu vilivyoandikwa siku, mwezi na mwaka huondoa utata huo. Kalenda ya kubofya hufaa kwa kuchagua siku ya miadi iliyo karibu. Kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwenye miaka 60, humlazimu kurudi nyuma mwezi baada ya mwezi.

Saa ina mtego wake kwa watumiaji wa Kiswahili. Miadi ya saa 2:00 asubuhi katika mfumo wa kompyuta huandikwa 08:00. Mwombaji anayechagua 02:00 akidhani ni saa mbili asubuhi atakuwa ameweka miadi ya saa nane usiku. Fomu inayoonyesha chaguo kwa maneno, yaani “saa 2:00 asubuhi” au “saa 8:00 mchana”, humwepusha na kosa hilo.

Makazi hutofautiana pia. Mkazi wa mjini Tanzania Bara hutaja kata na mtaa, wa kijijini hutaja kijiji na kitongoji, na wa Zanzibar hutaja shehia. Fomu inayomlazimisha kila mtu kuchagua mtaa inamtaka baadhi ya wananchi kuandika jambo lisilo la kweli. Inafaa mfumo ubadilishe maswali ya makazi kulingana na mkoa na eneo ambalo mwombaji amelichagua.

Namba ndefu nazo ziandikwe kwa namna mwananchi anavyoziona. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu yaliyotenganishwa kwa vistari. Mwombaji anayeinakili pamoja na vistari vyake hajakosea. Ni kazi ya mfumo kuviondoa vistari hivyo, kama ambavyo unapaswa kupokea namba ya simu iwe imeanza na 0 au +255.

Ujumbe wa kosa unaoelekeza

Hakuna sehemu inayowakatisha tamaa waombaji kama ujumbe wa kosa usioeleza kosa. “Taarifa si sahihi” ni hukumu isiyo na maelezo. Mwombaji hajui ni taarifa ipi, na hajui afanye nini. Linganisha na ujumbe huu: “Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20. Umeandika tarakimu 19. Tafadhali ilinganishe na kitambulisho chako.” Ujumbe wa pili hutaja mahali palipokosewa, tatizo lenyewe na hatua ya kuchukua, bila kumlaumu mtu.

Ujumbe uwekwe jirani na kisanduku kinachohusika, na juu ya ukurasa iwepo orodha ya makosa yote iwapo ni zaidi ya moja. Rangi nyekundu peke yake haitoshi kuonyesha kosa, kwa kuwa wapo watu wasiotofautisha rangi hiyo na nyingine. Maneno yawepo. Jambo la msingi zaidi ni kwamba kosa moja lisifute majibu mengine yote. Mwombaji aliyejaza kurasa tano asirudishwe mwanzo kwa sababu ya tarakimu moja.

Kwa maombi yenye athari za kisheria au kifedha, WCAG inataka mtumiaji apewe nafasi ya kufuta alichowasilisha, au mfumo umkague na kumruhusu kusahihisha, au apate kuhakiki taarifa zake kabla ya kuzituma. Ukurasa wa muhtasari unaoonyesha majibu yote, kila moja likiwa na kitufe cha “Badilisha”, hutimiza sharti hilo. Humwezesha pia mtu aliyesaidiwa kujaza kujionea mwenyewe namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa kwa jina lake.

Watu wenye ulemavu na wazee

Mtu asiyeona hutumia kompyuta au simu yenye programu inayosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini. NVDA, iliyoanza kutengenezwa nchini Australia mwaka 2006, ni programu huria ya kompyuta inayopatikana bila malipo, na simu nyingi za Android huwa na programu ya aina hiyo iitwayo TalkBack. Programu hizo husoma kile kilichoandikwa katika msimbo wa ukurasa. Iwapo jina la kisanduku halikuunganishwa na kisanduku chenyewe katika msimbo, mtumiaji husikia tu kwamba yupo mahali pa kuandika, bila kuambiwa aandike nini.

Tatizo linalofanana na hilo hutokea pale jina la kisanduku linapowekwa ndani ya kisanduku kwa maandishi hafifu yanayotoweka mara mtu anapoanza kuandika. Mzee aliyesita kidogo, au mtu aliyepigiwa simu katikati ya kujaza, akirudi hajui alikuwa akijibu swali gani. Jina la kisanduku likae juu yake na lionekane muda wote.

Maandishi ya kijivu kwenye rangi nyeupe huonekana nadhifu ofisini lakini hayasomeki juani. WCAG inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Kwa wenye mikono isiyotulia, toleo la 2.2 linataka sehemu za kubofya ziwe na ukubwa usiopungua pikseli 24 kwa 24 au zipewe nafasi ya kutosha kati yake. Fomu nzima iweze pia kujazwa kwa kibodi peke yake, kwa kuwa wapo watu wasioweza kutumia kipanya.

Hatua za usalama zisiwe ukuta. Herufi zilizopindapinda ambazo mtumiaji hutakiwa kuzisoma na kuziandika humzuia kabisa mtu asiyeona iwapo hakuna njia mbadala. Kadhalika, mfumo unaokataza kubandika nywila huwaongezea mzigo wenye shida ya kumbukumbu. Pale mfumo unapoweka ukomo wa muda kwa sababu za usalama, umwonye mtumiaji kabla muda haujaisha na kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo rahisi kama kubofya kitufe.

Simu ndogo, bando na mtandao unaokatika

Fomu huandaliwa kwenye kompyuta yenye skrini pana na mtandao wa uhakika, lakini wananchi wengi huifungua kwenye simu janja, wakitumia bando lenye ukomo, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Ukurasa uliojaa picha kubwa za matukio na mabango hutumia bando hilo kabla swali la kwanza halijaonekana.

Fomu ndefu igawanywe katika hatua fupi, na kila ukurasa ueleze mwombaji amefika wapi, kwa mfano “Hatua ya 3 kati ya 6”. Majibu yahifadhiwe kila hatua inapokamilika, ili umeme au mtandao ukikatika aendelee alipoishia. Sehemu ya namba ilete kibodi ya namba.

Viambatisho vinahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Sharti kwamba picha “isizidi KB 200” halina maana kwa mtu ambaye simu yake hupiga picha kubwa mara nyingi zaidi ya hapo, naye hajui namna ya kuipunguza. Hapo ndipo wengi huishia steshenari. Mfumo una uwezo wa kuipunguza picha hiyo wenyewe baada ya kuipokea, na pale palipo na ukomo usioepukika, uelezwe pamoja na namna ya kuutimiza. Ikumbukwe pia kwamba faili la PDF linalopakuliwa, kuchapishwa, kujazwa kwa kalamu na kurudishwa kwa barua pepe bado ni fomu ya karatasi, na humwongezea mwananchi gharama ya kuchapisha.

Baada ya kuwasilisha

Kazi ya fomu haiishi kitufe cha kutuma kinapobofywa. Mwombaji apate uthibitisho kwenye skrini na kwa ujumbe mfupi wa simu, wenye namba ya ombi lake, tarehe ya kupokelewa, muda unaotarajiwa wa kupata majibu na mahali pa kuuliza. Pale malipo yanapohitajika, ielezwe kama ombi limekwishapokelewa au litapokelewa baada ya kulipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwananchi asiyejua kama ombi lake limefika hurudia kulituma, au hufunga safari hadi ofisini kuuliza, na lengo la kuweka huduma mtandaoni hupotea.

Kupima kabla ya kuzindua

Njia ya uhakika ya kujua kama fomu inaeleweka ni kuwapa watu wachache waijaze bila msaada, huku waandaaji wakitazama na kunyamaza. Watu hao wawe wa aina mbalimbali: kijana anayetumia simu, mzee, mtu asiyeona na mtu anayeishi mbali na mji. Mahali watakapokwama wote ni kosa la fomu. Baada ya kuzinduliwa, taasisi iendelee kuangalia ni ukurasa gani waombaji wengi huachia njiani na ni swali gani hupigiwa simu mara nyingi katika kituo cha huduma kwa wateja. Kurekebisha sentensi moja yenye utata ni rahisi kuliko kuijibu mara elfu kwa simu.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi naye ana wajibu. Kabla ya kujaza fomu ya Serikali, ahakikishe anwani ya tovuti inaishia na .go.tz. Atumie namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Nywila yake asimpe mtu yeyote, hata anayemsaidia kujaza. Aiandike kwa mkono wake na, iwapo imeonekana na mtu mwingine, aibadilishe mapema. Asome ukurasa wa muhtasari kabla ya kutuma, na atunze namba ya ombi lake.

Fomu ikimshinda, awasiliane na taasisi husika kwa namba zilizo kwenye tovuti yake, ataje swali lililomkwamisha na kifaa anachotumia. Taarifa hiyo ina faida kubwa kwa watumishi wanaosimamia mfumo, kwa kuwa kwa kila mwananchi mmoja anayepiga simu, wapo wengine waliofunga ukurasa kimya kimya wakaacha kuomba kile walichostahili kupata.